Picha ikivutika kwenye DVD: urekebishe TV, ubadili alama, uweke mapande meusi au ukate?

Mama mmoja wa mtaani kwetu, hapa Tanga, alinirudishia diski ya harusi ya binti yake siku ya tatu tangu aichukue. Hakuja kwa ugomvi. Nilimwamkia, akaitikia, akaiweka diski mezani na kusema, "Mwanangu, hebu itazame mwenyewe. Wanangu wote wamekuwa wafupi." Niliitia kwenye deki, na kweli. Bibi harusi amepanuka mabega, bwana harusi ana uso kama wa mtu mwingine, na wale wapiga dufu waliopangwa mbele ya ukumbi, kila dufu limekuwa yai lililolazwa. Nikasimamisha picha, nikachukua rula na kupima dufu moja palepale kwenye kioo: upana sentimita 12, kimo sentimita 9. Nilipolitazama faili lile kwenye kompyuta kabla ya kuchoma, dufu hilohilo lilikuwa duara safi.

Tangu siku hiyo naulizwa jinsi ya kurekebisha picha iliyovutika na vijana wanaoanza kazi ya video, na watu wanaochoma diski za familia wenyewe nyumbani. Wengi wao, wakiona picha imevutika, hukimbilia kurenda upya kila kitu, yaani kuiachia kompyuta iitengeneze na kuibana video yote upya. Usiku mzima mashine inaunguruma, asubuhi picha imepoteza uangavu, na pengine bado imevutika vilevile. Njia za kurekebisha ziko nne, na kila moja ina mahali pake. Nitazipitia kwa vigezo vilevile ili uone ipi inakufaa wewe na diski uliyo nayo mkononi.

Kwa nini umbo linaharibika

DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, wakati TV karibu zote majumbani zilikuwa za chogo, zenye kioo cha 4:3, yaani sehemu 4 za upana kwa 3 za kimo. TV pana za 16:9 zilikuwa ndiyo kwanza zinaonekana. Waliotunga kanuni za DVD walitaka diski ya aina moja ihudumie kioo cha kila namna, wakachagua fremu moja na alama mbili.

Katika PAL, mfumo wa TV na DVD uliozoeleka Tanzania, Kenya na Uganda, fremu kamili ya DVD ni pikseli 720 kwa 576, picha iwe ya 4:3 au ya 16:9. Chukua kalamu: 720 ukigawanya kwa 576 unapata 1.25. Hiyo siyo 4:3, ambayo ni 1.33, wala siyo 16:9, ambayo ni 1.78. Kumbe picha hukaa kwenye diski ikiwa imebanwa, na pamoja nayo kuna alama ndogo inayoiambia deki iikunjue hadi wapi. Alama ya 4:3 au alama ya 16:9, basi, hakuna ya tatu. Video ya simu iliyopigwa wima, filamu ya sinema yenye uwiano wa 2.39, video ya mraba iliyotoka mtandaoni, zote lazima ziingie ndani ya moja kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo kosa linaweza kujificha sehemu tatu. Linaweza kuwa kwenye TV au deki, ambayo inapuuza alama sahihi. Linaweza kuwa kwenye alama, ambayo inasema 16:9 wakati picha ni ya 4:3, au kinyume chake. Au limeingia kwenye picha yenyewe, kwa sababu programu iliivuta wakati wa kurenda na kuihifadhi hivyo hivyo ikiwa mbovu.

Ndiyo maana nasisitiza kipimo cha duara kabla ya kitu kingine chochote. Tafuta kwenye video kitu cha duara kinachoitazama kamera: dufu, saa ya ukutani, sahani, tairi ya gari la maharusi. Simamisha picha, pima upana na kimo kwa rula, gawanya upana kwa kimo. Ukipata 1, umbo liko sawa. Ukipata karibu 1.33, picha ya 4:3 imefunguliwa kama 16:9, na watu watakuwa wapana na wafupi. Ukipata karibu 0.75, picha ya 16:9 imebanwa ndani ya 4:3, na watu watakuwa warefu, wembamba, shingo kama twiga. Dufu la yule mama, 12 kwa 9, lilitoa 1.33 kamili.

Kisha fungua diski hiyohiyo kwenye kompyuta kwa programu ya kuchezea video ya VLC, bonyeza herufi A mara kadhaa. Kila ukibonyeza, VLC hubadilisha uwiano wa picha kwa muda tu, bila kugusa faili. Duara likirudi kuwa duara ukifika 16:9 au 4:3, umeshajua alama ilitakiwa iwe ipi. Likigoma kurudi katika uwiano wowote kati ya hiyo miwili, basi picha yenyewe imeharibiwa.

Vigezo

Nitaangalia kwanza umbo: je, watu wanarudi kuwa wao? Halafu kinachopotea, maana baadhi ya njia hukata vichwa na nyingine hupunguza ukubwa wa picha. Cha tatu ni ubora na muda, kwa sababu kila ukirenda upya video iliyokwisha kubanwa unapoteza kidogo, na mashine za wengi wetu si za kurenda saa mbili za harusi kwa dakika kumi. Cha nne ni jinsi diski itakavyoonekana kwenye chogo na kwenye flati, maana ndugu wa familia moja hawana TV za aina moja. Mwisho, nitasema inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kurekebisha TV na deki

Kwenye menyu ya deki kuna sehemu ya kuchagua aina ya TV. Kwa kawaida utakuta chaguo tatu: 4:3 PS, 4:3 LB na 16:9. Ya kwanza hukata pembeni mwa picha pana ili kioo cha chogo kijae. Ya pili huonyesha picha pana nzima kwenye chogo, ikiacha mapande meusi juu na chini. Ya tatu ni ya flati. Kwenye rimoti ya TV nako kuna kitufe cha kubadili ukubwa wa picha.

Umbo hurudi sawasawa, mradi diski yenyewe haina kosa. Hakuna kinachopotea isipokuwa ukichagua PS. Ubora haubadiliki hata chembe, na kazi yote ni dakika mbili. Kwa chogo weka 4:3 LB, kwa flati weka 16:9, kisha hakikisha TV haijawekwa kuvuta kila picha ijaze kioo. Ukiunganisha kwa nyaya zile za njano, nyekundu na nyeupe, mara nyingi flati haitambui alama iliyo kwenye diski na itabidi ubadilishe mwenyewe kwa rimoti kila unapoweka diski ya 4:3.

Upungufu wake ni kwamba umetibu nyumba moja. Diski ikienda kwa shangazi Muheza, anaanza upya, na huenda hajui menyu ya deki yake ilipo. Njia hii inamfaa mwenye diski sahihi na TV isiyowekwa vizuri. Inakufaa pia wewe mchomaji kama hatua ya kwanza kabla hujamwambia mteja kwamba diski ni mbovu.

Njia ya pili: kubadili alama bila kurenda

Hii ndiyo njia isiyojulikana sana, na ndiyo iliyomponya yule mama. Picha iliyo kwenye diski yake ilikuwa nzima, ya 4:3 halisi, kutoka kamera ya zamani ya mkanda. Niliyekosea ni mimi: kwenye programu ya kutengenezea diski, mradi ulikuwa umewekwa 16:9, na sikuangalia.

Alama ya uwiano hukaa sehemu mbili kwenye DVD. Ipo ndani ya video yenyewe ya MPEG-2, namna ya kubana video inayotumika kwenye DVD, na ipo tena kwenye mafaili ya IFO, yale ya maelezo ya diski, yaliyo ndani ya folda ya VIDEO_TS. Deki ya mezani kwa kawaida hufuata IFO. Kompyuta ikifungua faili la MPEG peke yake, itafuata alama iliyo ndani ya video. Ndiyo maana niliona duara, naye akaona yai. Alama mbili zilikuwa zinapingana, kila mtazamaji akisoma yake.

Marekebisho yanakwenda hivi. Nakili folda yote ya VIDEO_TS kwenye kompyuta, kwa sababu DVD-R ikishachomwa haiandikiki tena. Ifungue faili ya VTS_01_0.IFO kwa programu ya IfoEdit, tafuta sifa za video, badilisha 16:9 iwe 4:3, hifadhi, na kubali ikikuuliza kama isasishe pia faili la BUP, ambalo ni nakala ya akiba ya IFO. Kisha choma upya kwa ImgBurn. Kama bado una faili la MPEG na hujatengeneza diski, FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, inabadilisha alama ya ndani kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i harusi.mpg -c copy -bsf:v mpeg2_metadata=display_aspect_ratio=4/3 -f dvd harusi2.mpg

Lile neno "copy" ndilo lenye thamani hapo. Maana yake data ya picha inahamishwa kama ilivyo, haibanwi upya. Kwa harusi ya saa mbili, kazi hii ni ya dakika chache, na muda mwingi unakwenda kwenye kunakili na kuchoma. Ukitumia dvdauthor, programu ya kutengeneza diski, uwiano unaandikwa kwenye agizo lenyewe la kutengeneza diski, kwa hiyo ni rahisi kurudia kazi pale ulipokosea.

Umbo linarudi kikamilifu. Hakuna kinachopotea, hata mstari mmoja. Ubora ni uleule. Kwenye chogo na flati, diski sasa inasema ukweli, na deki iliyowekwa vizuri itaifungua inavyotakiwa popote itakapopelekwa.

Ila njia hii ina sharti moja gumu: picha iliyohifadhiwa lazima iwe imejaa fremu nzima na ya uwiano mmoja kati ya ile miwili. Kama programu ilikwisha kuchora mapande meusi ndani ya picha, au kama kosa lilirendwa ndani, kubadili alama kutahamisha ubovu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Jaribio la herufi A kwenye VLC litakuambia kabla hujapoteza diski. Inamfaa mtu mwenye diski iliyokwisha tengenezwa au faili la MPEG-2 tayari, asiye na video ya asili tena, na asiyetaka ubora ushuke. Kwa mikanda ya zamani iliyokwisha kufutwa, ambayo nakala pekee iliyobaki ni ile DVD, ningeanza hapa kila mara.

Njia ya tatu: kuongeza mapande meusi

Hapa unairenda video upya, ukiiweka picha nzima katikati ya fremu na kujaza nafasi inayobaki kwa rangi nyeusi. Hesabu zake si ngumu na ni vizuri kuzijua, kwa sababu ukizijua programu haiwezi kukudanganya.

Picha ya 4:3 ndani ya fremu ya 16:9 inachukua pikseli 540 kati ya 720 za upana, na kila upande unabaki na 90 nyeusi. Picha ya 16:9 ndani ya fremu ya 4:3 inachukua mistari 432 kati ya 576, na mistari 72 myeusi juu na 72 chini. Ukichoma kwa mfumo wa NTSC wenye mistari 480, kwa ajili ya ndugu walioko Marekani, ile 432 inakuwa 360 na zile 72 zinakuwa 60. Na kwa ndugu hao choma NTSC kweli, maana deki nyingi za huko hazisomi PAL. Walioko Oman hawana shida hiyo, wanatumia PAL kama sisi.

Kwa FFmpeg, video ya zamani ya 4:3 unaiweka kwenye fremu pana hivi:

ffmpeg -i zamani.mpg -vf "scale=540:576,pad=720:576:90:0" -target pal-dvd -aspect 16:9 zamani16.mpg

Asiyependa kuandika amri, DVDStyler na DVD Flick zote ni za bure na zina mahali pa kuchagua uwiano wa diski. Chagua uwiano wa mradi kwanza, kabla hujaingiza video hata moja. Hapo ndipo makosa mengi huanzia, la kwangu likiwa mojawapo.

Umbo ni sahihi daima ukipiga hesabu vizuri. Kinachopotea ni ukubwa wa picha, siyo yaliyomo: kila aliyekuwepo ukumbini anabaki ukumbini. Upande wa ubora, unarenda, kwa hiyo anza na video ya asili, siyo na DVD nyingine. Diski ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, na ukiijaza saa mbili unabakiwa na kama megabiti 5 kwa sekunde, sauti ikiwemo, wakati kiwango cha juu cha video kinachoruhusiwa kwenye DVD ni megabiti 9.8. Habari njema ni kwamba weusi mtupu hauli data, kwa hiyo sehemu yenye watu inapata mgao wake vizuri.

Kuna mtego kwa waliopiga kwa kamera za mkanda. Picha zao zimehifadhiwa kwa mistari ya kupishana: nusu ya mistari ni ya wakati mmoja, nusu nyingine ni ya wakati unaofuata kidogo. Ukiweka mapande ya pembeni, hugusi idadi ya mistari, na mambo yanakwenda salama mradi urende kwa mistari hiyohiyo ya kupishana. Ukiweka mapande ya juu na chini, unaikunja mistari 576 iwe 432, na nyakati hizo mbili zinachanganyika. Mkono wa mpiga dufu ukipanda na kushuka, utaona meno kama ya kitana kwenye vidole. Lazima uondoe upishano kwanza, kwa kichujio cha yadif kwa mfano, ndipo upunguze kimo.

Sasa chogo na flati. Mapande meusi yanapendeza pale fremu ya diski inapolingana na TV. Isipolingana, weusi unazaa weusi. Chukua video ya 4:3 uliyoiweka kwenye fremu ya 16:9, ipeleke kwenye chogo. Deki nayo inaongeza mapande yake juu na chini. Picha sasa ina robo tatu ya upana na robo tatu ya kimo, yaani asilimia 56 tu ya kioo, imezungukwa na weusi pande zote nne kama picha ya ukutani ndani ya fremu nene. Kwenye chogo ya inchi 14 sura za watu zinakuwa ndogo mno kwa mzee mwenye macho yaliyochoka. Hali ni hiyohiyo ukiichora 16:9 ndani ya fremu ya 4:3 kisha ukaitazama kwenye flati.

Kwa video ya 16:9, basi, bora uiache ijae fremu ya 16:9 na uiachie deki kazi ya kuchora mapande ikikutana na chogo. Uamuzi huo deki inaufanya vizuri kuliko wewe, kwa sababu yenyewe imeshaambiwa kwenye menyu iko kwenye TV gani.

Video ya simu iliyopigwa wima ni kisa cha peke yake. Picha ya 9:16 kwenye fremu ya 16:9 inachukua chini ya theluthi ya upana, kama asilimia 32. Kwenye fremu ya 4:3 inachukua asilimia 42. Wahariri wengi siku hizi hujaza pembeni kwa nakala ya picha hiyohiyo, imekuzwa na kutiwa ukungu. Kwa kipande kifupi cha kukata keki inapendeza. Kwa nusu saa ya hotuba ya mzee inachosha macho, na ule ukungu unaotembea unakula data ambayo weusi haungeila. Mimi huweka weusi kwa vipande virefu.

Njia hii inamfaa anayetaka kila kitu kionekane: hafla za dini, mahafali, kumbukumbu za marehemu, mafunzo yenye maandishi ubaoni, na mtu yeyote aliye na video ya asili na muda wa kurenda.

Njia ya nne: kukata ili kioo kijae

Wapo wateja ambao mapande meusi kwao ni kasoro. Wanasema picha haijajaa, wamelipa nusu. Sioni vibaya kuwasikiliza. Ukikata, umbo linabaki sahihi kabisa na kioo kinajaa.

Kinachopotea ni robo ya picha. Kutoka 16:9 kwenda 4:3 unakata robo ya upana, na waliokaa mwisho wa meza kuu hawaonekani tena. Kutoka 4:3 kwenda 16:9 unakata robo ya kimo, na hapo vilemba na vichwa ndivyo vinavyoondoka, pamoja na maandishi ya majina yaliyowekwa chini. Ukiwa na programu ya kuhariri unaweza kusogeza dirisha la kukata tukio kwa tukio, juu kwa anayesimama, chini kwa mikono inayovishana pete. Ni kazi ya uvumilivu, na inalipa.

Kwenye ubora kuna tofauti kubwa kutegemea chanzo. Video ya 1920 kwa 1080 ukiikata iwe 4:3 unabaki na 1440 kwa 1080, nyingi mno kuliko DVD inavyohitaji, hivyo huoni hasara yoyote. Mkanda wa VHS au wa kamera ya zamani ni habari nyingine: unakata mistari 576 hadi 432, kisha unaivuta irudi 576. Picha ambayo tangu mwanzo haikuwa kali inakuwa kama imetazamwa kupitia chandarua. Na kama ina mistari ya kupishana, ile hadithi ya meno ya kitana inarudi. Muda ni uleule wa kurenda, na zaidi kama utasogeza dirisha kwa mkono.

Kwenye chogo kumbuka pia kwamba TV hizo huficha kingo za picha nyuma ya fremu yake. Ukishakata, halafu chogo nayo ikaficha kidogo kila upande, jina la bibi harusi lililowekwa karibu na ukingo linapungua herufi. Acha nafasi ya kutosha kuzunguka maandishi.

Kukata kunawafaa wenye video ya kisasa yenye ubora wa juu, matukio ya burudani ambayo katikati ndipo penye jambo, na matangazo ya dukani. Nisingekata mkanda wa familia ambao hauna nakala nyingine.

Na kuvuta tu ijae?

Kuna wanaoomba video ya 4:3 ivutwe ijaze flati, na TV nyingi zina hali ya kufanya hivyo. Mtu akipenda kutazama hivyo nyumbani kwake kwa rimoti, ni hiari yake, na kesho anaweza kuirudisha. Ukiirenda hivyo ndani ya diski, umeipanua kila sura kwa theluthi moja, na mtoto atakayezaliwa kesho atamjua bibi yake kwa uso ambao hakuwa nao. Kwa hiyo sikuiweka miongoni mwa njia nne.

Ukiwa na video za aina mbili kwenye diski moja

Hili linawasumbua wanaochanganya mkanda wa zamani wa 4:3 na video mpya ya simu. Kanuni za DVD zinaruhusu uwiano mmoja tu ndani ya kundi moja la video, lile linaloitwa VTS kwenye majina ya mafaili, lakini diski moja inaweza kuwa na makundi hadi 99. Weka video za 4:3 kwenye kundi la kwanza kwa alama yake, za 16:9 kwenye kundi la pili kwa alama yake, na deki itabadilika yenyewe inapovuka. Hutalazimika kuchora mapande wala kukata. Kama programu yako inakulazimisha kuwa na uwiano mmoja kwa diski nzima, tumia dvdauthor, au choma diski mbili.

Uchague ipi

Kama umeletewa diski na hujui kosa liko wapi, pima duara, kisha ijaribu kwenye deki na TV nyingine kabla ya kufungua programu yoyote. Ikiwa sawa huko, mwonyeshe mwenye nayo menyu ya deki yake, na mwandikie kwenye karatasi vitufe vya kubonyeza.

Kama duara linatoa 1.33 au 0.75 kila mahali, na VLC inalirudisha kwa herufi A, badili alama na uchome upya. Usirende.

Kama picha imeharibiwa ndani, rudi kwenye video ya asili. Ikiwa haipo tena, hesabu uliyopata kwa rula ndiyo itakayokuambia uikunje kiasi gani. Utapoteza ukali kidogo kwa kurenda mara ya pili, lakini nyuso zitarudi.

Video mpya ya 16:9 na watazamaji wa flati, au mchanganyiko wa flati na chogo: ijaze fremu ya 16:9, weka alama ya 16:9, usichore chochote.

Mikanda ya zamani ya 4:3 inayokwenda kwa wazee wenye chogo: iache 4:3 ilivyo, kwa alama ya 4:3. Ikiwa baadaye wajukuu wataitazama kwenye flati, TV yao, ikiwekwa vizuri, itaweka mapande ya pembeni. Fremu ya 16:9 yenye mapande yaliyochorwa iweke kwa yule tu mwenye flati inayong'ang'ania kuvuta kila kitu na asiyeweza kuibadilisha kwa rimoti.

Mteja anayetaka kioo kijae, na video yake ni ya 1080: kata, lakini mtumie kwanza dakika moja ya mfano yenye meza kuu, aone nani ametoka kwenye picha kabla hajakubali.

Yule mama nilimpelekea diski mpya jioni ileile. Tuliiweka pamoja kwenye deki yake, chogo ya inchi 21, na alipofika kwenye wapiga dufu aliniomba nisimamishe. Akainuka, akaweka kiganja juu ya kioo, akahesabu wajomba zake mmoja baada ya mwingine kwa majina.